Zaburi za kuimba zisiachwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba vijana wa Kianglikana mkoani kwetu Tanga wanaikimbia ibada kwa sababu bado tunaimba zaburi kwa tuni za Wazungu wa kale. Ushauri wake ni kwamba zaburi zisomwe tu, upesi upesi, ili kwaya zipate muda wa kutosha na vipaza sauti vyao. Kuwajali vijana ni jambo jema na nampongeza. Kwa habari ya zaburi, hata hivyo, sikubaliani naye hata kidogo, na nataka nimweleze habari za Mkesha mmoja wa Pasaka pale Msalabani, Magila.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Zanzibar na Tanga zikiwa bado dayosisi moja chini ya Askofu John Ramadhani. Masika yalikwisha kuanza. Tulitoka Muheza kwa miguu jioni ya Jumamosi Kuu, tukakuta watu wamejaa nje ya kanisa gizani, wanangoja moto mpya. Padri akaubariki moto, akachora msalaba na tarakimu za mwaka kwenye mshumaa mkubwa, shemasi akaubeba. Mlangoni akaimba "Nuru ya Kristo". Akaimba tena katikati ya kanisa, na mara ya tatu mbele ya altare, kila mara akiipandisha sauti, nasi tukimjibu palepale alipotupandisha. Kufika mara ya tatu mishumaa ya mikononi ilikuwa imewaka hadi benchi za nyuma, na sauti zetu ziko juu kiasi ambacho mtu asingethubutu kuanzia.

Kisha shemasi akaimba Mbiu ya Pasaka yote, ule wimbo wa kuutangaza ufufuko, peke yake, bila kinanda. Ni ndefu, wanaoijua wanaelewa. Alikuwa kijana, na mwanzoni mikono ilimtetemeka. Alipofika panapotajwa nyuki waliotengeneza nta ya mshumaa, sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. Bibi yangu mzaa mama, ambaye hakujua kusoma, aliifuata kwa midomo neno kwa neno.

Baada ya masomo ikaja Zaburi ya 136. Mvua ikashuka wakati huohuo, mvua ya kwetu ile inayopiga bati mpaka jirani yako humsikii. Mzee mmoja mwanzishaji akasimama akaanza bila kusubiri. Upande mmoja uliimba nusu ya kwanza ya mstari, upande wa pili ukajibu: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Zaburi ile ina mistari 26, na jibu ni hilohilo katika kila mmoja. Mistari ya mwanzo tulikuwa tunashindana na mvua. Baadaye tuliacha kushindana, sijui nieleze vipi, tukawa tunapumua pamoja, mamia ya watu, tunakata pamoja katikati ya mstari na kurudi pamoja. Wanawake wa Kibondei waliokuwa nyuma yangu waliongeza sauti ya pili ambayo sijaiona imeandikwa popote. Nimeimba kwaya sehemu kubwa ya maisha yangu, na wimbo ulioniingia kama ule siujui mwingine.

Kengele zilipolia kwenye "Utukufu kwa Mungu juu", baada ya kunyamaza tangu Alhamisi Kuu, ngoma zikaingia na vigelegele vikafuata. Nataja hili ili ndugu yangu asidhani mimi ni adui wa ngoma au wa pambio. Vyote vilikuwemo usiku ule.

Sasa hilo la Wazungu. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipohamia Unguja mwaka 1864, kundi lao la kwanza lilikuwa wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Askofu Edward Steere, aliyefariki Unguja mwaka 1882, alitafsiri Agano Jipya na sala za Kanisa, na vizazi vya kwanza vilivyosali kwa Kiswahili hicho vilijaa watu waliotolewa utumwani. Watu hao walipoimba habari za Israeli kutoka Misri walikuwa wanaimba habari zao wenyewe. Nani basi atatuambia kwamba zaburi hizo ni za wageni?

Tena yeyote mwenye sikio la mashairi, na Tanga ya Shaaban Robert haijapungukiwa na watu wa namna hiyo, atagundua jambo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza zina tuni ambazo mstari wake huishia kwenye silabi nzito, kwa hiyo tunalazimika kuimba "Mu-NGU" na "Bwa-NA", jambo ambalo hakuna mtu angelisema sokoni. Zaburi haina shida hiyo. Maneno, yawe machache au mengi, hukaa juu ya noti moja kama mtu anavyosema, na tuni hugeuka mwishoni tu, ambako mwimbishaji anaweza kuipatanisha na mkazo wetu: "mi-LE-le". Hapo lugha haivunjwi kiungo hata kimoja. Kama kuna muziki wa ibada unaotufaa sisi Waswahili, ni huu, na inasikitisha kuuona ukiachwa kwa kisingizio cha ugeni huku tukizishikilia nyimbo zinazotupindisha ndimi.

Vijana hawazikimbii zaburi. Hawajafundishwa. Zaburi mbovu, iliyoburuzwa na watu wanne wasiofanya mazoezi, humchosha kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza. Walimu wa kwaya wanatumia miezi kuandaa wimbo mmoja wa kurekodi video, na zaburi ya Jumapili hawaipi hata robo saa ya mazoezi ya Jumamosi.

Ninachoomba kwa mapadri na walimu wa kwaya wa Muheza, Korogwe, Pangani na Tanga mjini ni hiki. Wazee wanaozijua tuni hizi wamebaki wachache, na simu za kurekodi ziko mikononi mwa kila mwanakwaya. Wafuateni majumbani, warekodini, kisha aliye mjuzi aziandike kwa solfa, yaani do, re, mi, ili watoto wa shule ya Jumapili waanze nazo. Na katika Mkesha wa Pasaka ujao, zaburi moja tu iimbwe na kanisa zima, vipaza sauti vikiwa vimezimwa. Huyo ndugu aliyeandika namwalika aje asimame nasi kwenye benchi.

Mimi natafuta hasa ile sauti ya pili ya Zaburi ya 136. Bibi yangu hayupo tena, nami nakumbuka nusu yake tu. Aliye na mama au shangazi anayeijua, tafadhali amwombe aiimbe mara moja, airekodi, na ampelekee mwalimu wa kwaya wa kanisa lake kabla ya Kwaresima.

Mwanakwaya mstaafu,
Muheza, Tanga