Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu natakiwa kuwasomea taarifa ya shughuli za chama chetu cha kusikiliza muziki kwa mwaka 2024. Yale mnayoyajua nitayapitia haraka, ili tupate muda wa kulizungumza lile la Novemba, ambalo naamini ndilo lililowaleta wengi wenu hapa. Laiti viti vingejaa hivi kila mwezi.

Mwaka huu tuliazimia kusikiliza koncheto za piano tu, yaani kazi ambazo piano moja hupiga pamoja na okestra. Tulianza na Mozart, namba 20 na 21, zote za mwaka 1785, zilizopishana kwa mwezi mmoja. Zikafuata Chopin, Schumann, Grieg, na Rachmaninov namba 2, ambayo haihitaji maelezo. Juni ilikuwa zamu ya Ravel, ile koncheto ya mkono wa kushoto aliyomwandikia Paul Wittgenstein, mpiga piano aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza. Waliochelewa hawakuamini kwamba anayepiga anatumia mkono mmoja, ikabidi turudie. Agosti tulipumzika.

Septemba tulikuwa na Beethoven namba 5. Hapo naomba nieleze kidogo, maana maneno yamekuwa mengi. Sehemu ya pili inapoisha, okestra hubaki na sauti moja ndefu, sauti hiyo ikashuka nusu hatua, kisha piano ikaanza kuugusagusa polepole wimbo wa sehemu ya tatu, kama anayejaribu mlango gizani, kabla ya kuupasua kwa nguvu zote. Ni pale pale, kabla ya kupasuka, luku ilipoisha. Kununua umeme si kazi ya Mwenyekiti. Hata hivyo niliununua kwa fedha yangu, kwa simu yangu, na hadi leo sijarejeshewa.

Sasa Novemba. Ni kweli kwamba tangu chama kianze tumekuwa tukifunga mwaka kwa Tchaikovsky namba 1. Ni kweli pia kwamba safari hii niliiondoa na kuweka Brahms namba 1. Kamati iliarifiwa kwa simu. Kwenye kundi letu la WhatsApp nimeitwa majina ambayo sitayarudia mbele ya wageni.

Nimetuhumiwa kwamba naidharau Tchaikovsky. Aliyeileta katika chama hiki ni nani? Sahani ya santuri tuliyokuwa tukiitumia miaka ya mwanzo ni ya nani? Lakini tuulizane ukweli. Tunachokijua wengi wetu ni zile dakika chache za mwanzo, pembe za shaba (horn) zinapoita na piano ikaingia na mapigo yake mazito kutoka chini hadi juu ya kinanda. Wimbo ule mkubwa ukishapita haurudi tena, si katika sehemu ya kwanza wala mwishoni. Kinachobaki ni karibu nusu saa ya muziki ambao kila mwaka nimeusikiliza huku nyuma yangu vikombe vinagongana na watu wanaulizana kama vitumbua vimebaki. Basi anayeidharau ni nani?

Tuhuma nyingine ni kwamba Brahms ni mrefu na mzito. Ni mrefu, sikatai. Unakaribia dakika hamsini, na okestra hupiga peke yake dakika kadhaa kabla piano haijasikika. Mwanachama mmoja alisema kwa sauti kwamba mpiga piano hajafika. Niliposimama kueleza nikaambiwa nakaa mbele ya spika. Nilichotaka kusema ni kwamba kazi hii Brahms aliianza mwaka 1854 akiwa na miaka 20, mwaka ule ule ambao Schumann, mlezi wake, alijitosa katika mto Rhine. Ilikuwa sonata ya piano mbili, akajaribu kuigeuza simfonia, yaani kazi ya okestra peke yake, ikamshinda, mwisho ikawa koncheto. Tarehe 27 Januari 1859 aliipiga mwenyewe Leipzig. Watu wachache walipojaribu kupiga makofi, wengine wakawazomea. Kwa hiyo waliotoka ukumbini Novemba wasidhani wameanzisha jambo.

Tatu, mamlaka. Ndugu Katibu ameandika kwenye muhtasari kwamba hakubaliani na uamuzi huo, na ni haki yake. Namkumbusha tu kwamba tarehe 6 Aprili 1962, pale Carnegie Hall, New York, kiongozi wa okestra Leonard Bernstein aliigeukia hadhira kabla ya kuiongoza koncheto hii hii, akasema hakubaliani na jinsi mpiga piano Glenn Gould alivyotaka kuipiga, polepole mno. Akauliza hata bosi ni nani, mpiga piano au kiongozi wa okestra. Alipomaliza kusema, akaiongoza mpaka mwisho. Hakuondoka kabla ya sehemu ya pili.

Na kwa wanaomtetea Tchaikovsky, someni habari zake vizuri. Desemba 1874 alimpigia mpiga piano Nikolai Rubinstein koncheto hiyo, na Rubinstein akaiponda kabisa. Tchaikovsky akasema habadilishi hata noti moja, akampa mpiga piano mwingine, Hans von Bülow, aliyeipiga kwa mara ya kwanza Boston mwezi Oktoba 1875. Baadaye Tchaikovsky mwenyewe aliirekebisha, na Rubinstein akabadili mawazo, akaipiga. Nami nawasubiri.

Kuhusu fedha, Mhazini atatoa mchanganuo kama muda utaruhusu. Kwa ujumla wanachama tuko 41. Waliolipa ada ya shilingi 20,000 ni 17. Ukijumlisha na michango, mapato ni shilingi 435,000 na matumizi 402,500. Katika hayo, chai na vitafunwa vimekula 268,000. Spika zinazotumika ni zangu na sijawahi kukidai chama hata senti. Wapo ambao hawajalipa tangu 2022, nao ndio walioandika ujumbe mrefu kuliko wote kuhusu demokrasia. Sitawataja. Orodha imebandikwa mlangoni.

Mahudhurio yamekuwa mabaya. Mwezi wa Chopin tulikuwa saba, pamoja na mlinzi, ambaye, nasema hili bila utani, alisikiliza hadi mwisho na akauliza swali zuri kuliko maswali yote ya mwaka: kwa nini okestra inanyamaza pale piano inapopiga peke yake kwa muda mrefu? Nilimjibu.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata ukumbi wenye feni, na ikiwezekana kumwalika mpiga piano wa kweli, fedha zikiruhusu. Baadhi ya akina mama wamependekeza koncheto ya Clara Schumann, aliyoipiga Leipzig mwaka 1835 akiwa na miaka 16, mtunzi Mendelssohn akiongoza okestra. Ni pendekezo zuri, na mimi nilikuwa nalo tayari. Suala la Tchaikovsky litaangaliwa na Kamati kwa wakati muafaka.

Wenye maswali waanze kwa kuonyesha stakabadhi za ada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti