Mbosyo si kiduha

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee wakulima wa mpunga wa mabondeni hapa Kyela. Kuna mmea mdogo wenye ua jeupe ambao sisi tunauita mbosyo; wataalamu wanauita Rhamphicarpa fistulosa. Kila ukitajwa mikutanoni unaitwa kiduha (Striga), ambacho ni gugu jingine, na dawa inayotolewa inakuwa ya kiduha.

Ni kweli wote wawili ni wenyeji wa Afrika, huishi msimu mmoja, na hunyonya mizizi ya mpunga. Ila hawakai pamoja. Kiduha cha maua mekundu hupenda mashamba ya juu yasiyotuama maji. Mbosyo hutaka bonde lililolowa. Ukishuka taratibu kutoka mwinuko, wekundu unapungua, weupe unaanza, pengine ndani ya shamba la mtu mmoja.

Mbegu ya kiduha inaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 ikingoja mzizi wa mahindi, mtama au mpunga uiamshe. Mbosyo haumngoji mtu. Ukipata maji na mwanga unaota, unachanua na kuzaa hata pasipo mpunga. Ukishika mzizi ndipo unaponawiri. Ndiyo maana umeenea tangu Senegal hadi Madagaska.

Wengi hawajawahi kuliona ua lake, kwa sababu hufunguka jua likizama. Mimi hulitazama nikitoka shamba: mrija mwembamba mrefu, petali 5 nyeupe kabisa, na majani yaliyochanika kama nyuzi. Kesho yake mchana limeshanyauka.

Msimu uliopita mama yangu mdogo aliambiwa acheleweshe kupanda ili kukwepa kiduha. Shamba lake liko bondeni. Mpunga ulipoanza kuchipua, mbosyo ulikuwa umeshatangulia, na hadi mpunga unabeba masuke ulikuwa wa manjano. Alivuna magunia mawili. Ushauri ule ungemfaa jirani yake wa juu: utafiti uliofanyika hapahapa Kyela ulionyesha kwamba kuchelewa kupanda husaidia dhidi ya kiduha, lakini penye mbosyo mkulima anatakiwa kuwahi.

Nawaomba mabwana shamba na mabibi shamba, kabla hamjatuambia tarehe ya kupanda, shukeni nasi bondeni jioni moja, mpunga ukiwa shambani, tuangalie pamoja ni ua gani limefunguka.

Mkulima wa mpunga,
Kyela, Mbeya