Matumbawe laini yanakufa na hakuna anayeyahesabu

Mhariri,

Nimesoma kwa makini habari yenu kuhusu upandikizaji wa matumbawe katika pwani yetu, na nawapongeza kwa kuipa ukurasa mzima. Picha ya wale vijana wakifunga vipande vya matumbawe kwenye fremu za chuma ilinipa moyo. Lakini kuna kundi zima la viumbe ambalo halikutajwa hata kwa sentensi moja, na halitajwi karibu popote joto la bahari linapozungumzwa. Ni matumbawe laini. Mimi ni mkazi wa Utende, Mafia, kazi yangu ni kuongoza wageni wanaozamia, na naomba nafasi niyasemee.

Sisi watu wa pwani tumezoea tumbawe la kujengea na kuchomea chokaa, kwa hiyo kisichokuwa jiwe hatukihesabu. Tumbawe laini mwili wake ni nyama, na ndani ya nyama hiyo mna vijiti vidogo mno vya chokaa vinavyoushikilia. Kila kinywa chake kimezungukwa na minyiri minane, wakati minyiri ya matumbawe magumu huwa sita au mafungu ya sita. Mojawapo tunalokutana nalo sana kwenye maji ya kina kifupi wataalamu huliita Sarcophyton. Limekaa kama uyoga mkubwa, shina nene na kofia iliyojikunja pembeni. Ukiligusa, minyiri yote hujificha kwa pamoja na kofia hubaki tupu, nyororo, ya rangi ya hudhurungi. Hudhurungi hiyo ni mwani wa chembe moja unaoishi ndani ya nyama. Mwani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, tumbawe hula sehemu ya sukari hiyo, na mwani nao hupata makazi.

Joto la maji likipanda nyuzi 1 tu juu ya kilele cha kawaida cha msimu wa joto, likakaa wiki kadhaa, makubaliano hayo huvunjika. Mwani hutolewa, na tumbawe hupauka, yaani hugeuka jeupe. Kwetu hatari huja kaskazi inapokatika, Machi hadi Mei, upepo ukilala na bahari ikatulia chini ya jua kali. Wageni huipenda sana bahari ya namna hiyo. Mimi huiogopa.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Tumbawe gumu likifa huacha mifupa yake. Hata miaka mingi baadaye utayaona matawi yale yamesimama, na mtafiti atajua kwamba palikuwa na nini. Tumbawe laini lililopauka huanza kulegea, kofia inainama, ngozi inatoa ute, kisha nyama inamomonyoka kidogo kidogo na mkondo unaibeba. Ukipita pale baada ya wiki chache unakuta mwamba mtupu uliokwisha kuota mwani. Mtu ambaye hakuwahi kufika hapo ataapa kwamba hapakuwa na kitu.

Fikirieni sasa namna tunavyopima. Wapimaji hutandaza futi juu ya mwamba na kuandika kila kilicho chini yake. Tumbawe gumu lililokufa karibuni wanaweza kuliandika, kwa sababu wanaliona. Tumbawe laini lililokufa halina cha kuandikwa. Timu inayozamia Agosti kutazama madhara ya joto la Aprili itaandika "mwamba" au "mwani", na hasara itakuwa imefutika kwenye takwimu kabla haijaingia. Na hata yale yaliyo hai mara nyingi huwekwa yote katika safu moja, "laini", ingawa jamii zake zinatofautiana sana katika kustahimili joto.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua unatoka kisiwa cha Kiritimati, nchi ya Kiribati, katikati ya Bahari ya Pasifiki. El Niño ya 2015 na 2016, yaani kule kupanda kwa joto la maji ya Pasifiki, ilikiweka kisiwa hicho katika maji ya moto kwa muda wa miezi 10 hivi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, walikuwa wamekwisha kupiga picha za miamba hiyo kabla ya joto. Waliporudi walikuta matumbawe laini yametoweka karibu yote. Walilijua hilo kwa sababu walikuwa na picha za awali, basi. Bila picha hizo, hasara ile isingekuwa na shahidi. Na katika Bahari yetu hii ya Hindi, visiwa vya Chagos vilipoteza karibu matumbawe yao yote laini katika joto la 1998.

Mwaka huo wa 1998 ulituumiza na sisi. Miamba mingi ya Kenya na Tanzania ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake, na ndiyo sababu mtandao wa utafiti wa CORDIO ulianzishwa mwaka uliofuata. Joto likarudi 2016. Kisha tarehe 15 Aprili 2024 NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, likatangaza kwamba dunia imo katika upaukaji wa nne wa kimataifa, na Tanzania na Kenya zilikuwemo kwenye orodha. Katika matukio hayo yote tumesoma asilimia za matumbawe magumu. Za laini nimezitafuta sana, na nilizozipata ni chache mno.

Wapo watakaosema kwamba matumbawe laini ni magugu, yanafunika mwamba pale magumu yanapokufa. Hoja hiyo ina chanzo. Kwenye vifusi vilivyoachwa na uvuvi wa baruti, kule Indonesia kwa mfano, jamii ya Xenia imetanda na kuyanyima matumbawe machanga nafasi. Lakini kuhukumu kundi zima kwa tabia ya jamii moja ni uonevu. Baadhi ya Sinularia hugandisha vijiti vyao vya chokaa kwenye shina mpaka vikawa mwamba kamili, yaani nao ni wajenzi. Ile kauri nyeupe inayong'aa, ambayo ikiwa hai hujifunika ngozi nyeusi, chakula chake ni matumbawe laini. Samaki wadogo na kamba hujificha humo mchana kutwa.

Kosa jingine linaletwa na kazi yetu sisi waongozaji. Picha zinazouza safari za kuzamia ni za matumbawe laini ya waridi, machungwa na zambarau, yanayoning'inia kwenye kuta zenye mkondo mkali. Hayo, Dendronephthya, hayafugi mwani ndani yake, hula vinavyopita majini, kwa hiyo hayapauki kama wenzake. Mgeni anarudi hotelini akisema mwamba uko salama, na huenda mwandishi naye akaandika hivyo, wakati yale ya hudhurungi kwenye maji mafupi yamekwisha kuyeyuka.

Sidanganyiki kwamba futi na kamera vitapoza bahari. Jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa limekadiria kwamba joto la dunia likipanda kwa nyuzi 1.5 juu ya lilivyokuwa kabla ya enzi ya viwanda, matumbawe ya maji ya joto yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na kwa nyuzi 2 yatapungua kwa zaidi ya asilimia 99. Moshi unaoleta hayo kwa sehemu kubwa hautoki kwetu, na serikali zetu zina haki ya kulisema hilo kwa sauti kila zinapokaa mezani na wakubwa. Lakini ukienda kudai fidia huna orodha ya ulichopoteza, utadai nini?

Ombi langu kwa Hifadhi ya Bahari, kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar na kwa wafadhili wa miradi ya upandikizaji ni hili. Sehemu zilezile zipigwe picha Februari kabla ya joto, zipigwe tena Aprili na Mei upaukaji ukiwa kileleni, na matumbawe laini yaandikwe kwa jamii zake. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na fremu moja ya chuma na mafuta ya boti ya kwenda kuitunza. Vikundi vya BMU, vile vya wanavijiji vinavyosimamia uvuvi wa ufukwe wao, vina watu wanaoijua miamba hii kwa kichwa, hasa wavuvi wa pweza wanaoikanyaga kila bamvua, nao wafundishwe na walipwe. Mimi nina picha za miamba ya Chole nilizopiga kazini, kila moja na tarehe yake. Nitazitoa bure kwa taasisi yoyote itakayozitaka.

Nanyi, ndugu mhariri, safari ijayo mkitaka kuandika kuhusu matumbawe, msimtume mwandishi wenu Agosti. Mtumeni Aprili. Boti ipo na miwani ya kuzamia ipo, nami nitamwonyesha yaliyopauka kabla mkondo haujayachukua.

Mwongoza wazamiaji,
Utende, Mafia