Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kaskazini Pemba: wajibu wa raia kulinda maliasili

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Assalaamu alaykum.

Kila inaposikika kuwa mikoko imekatwa au mchanga umechimbwa pasipo ruhusa, viongozi hutukumbusha kwamba ulinzi wa maliasili si kazi ya Serikali peke yake. Kauli hiyo ina nguvu ya Katiba. Ibara ya 27 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inamtaka kila mtu alinde maliasili za nchi pamoja na mali inayomilikiwa na wananchi kwa pamoja, na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 nayo imeweka wajibu wa namna hiyo. Sina ubishi nao. Lakini si rahisi kwa mwananchi wa kawaida kuzuia gari la mchanga wala kumnyang'anya mtu shoka. Anachoweza ni kutoa taarifa, na baada ya hapo wajibu wake unakamilika au unapotea kulingana na taarifa hiyo ilivyopokewa.

Kisiwani kwetu tunajuana mno. Anayekata boriti usiku ni shemegi, au ni jirani tunayesimama naye safu moja msikitini, na muhali, yaani kuoneana haya, ni mzito kuliko adhabu yoyote ya mahakama. Mtu akiushinda muhali huo akaenda kueleza alichokiona, kisha jina lake likamfikia mtuhumiwa kabla askari hawajafika, hatorudi tena, na waliokuwa wakimtazama hawatokwenda kabisa.

Simaanishi kwamba sisi hatuna letu. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022 watu wa Zanzibar wameongezeka kutoka 1,303,569 hadi 1,889,773, na wote wanataka nyumba. Anayenunua mchanga bila kuuliza ulikotoka, au kuni za mikoko za kuchomea chokaa, naye amevunja wajibu wake, hata kama mikono yake haikushika jembe. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mizizi ya mikoko ndiyo inayokamata tope, inayopunguza nguvu ya mawimbi na inayowapa samaki, kamba na kaa mahali pa kukulia. Ikiondoka, maji ya chumvi hupata njia ya kuingia katika mabonde ya mpunga, na bonde likishaingia chumvi mkulima hukosa pa kupanda kwa miaka.

Ninaomba, Mheshimiwa, vibali vyote vya kuchimba mchanga vibandikwe katika ofisi ya sheha, kiongozi wa Serikali katika eneo husika, vikionesha nani ameruhusiwa, wapi, kiasi gani na hadi lini. Ibara ya 18 ya Katiba ya Muungano inatupa haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yetu, na hili ni mojawapo. Bila ya orodha hiyo, mtu anayeliona gari likipita hajui kama anatazama wizi au kazi halali, na kumsingizia mwenzio ni aibu ambayo hapa kwetu haifutiki upesi.

Pili, jina la mtoa taarifa lifichwe, naye apewe jibu la maandishi: hatua gani imechukuliwa, au kwa nini haikuchukuliwa. Sheria ya Misitu ya Zanzibar Na. 10 ya mwaka 1996 imekwishafungua mlango wa jamii kusimamia misitu kwa makubaliano na Serikali, kwa hivyo hata kamati za vijiji zinazolinda mikoko zinastahiki kujibiwa vivyo hivyo. Ni kweli kwamba Ibara ya 26 ya Katiba ya Muungano inamruhusu raia kwenda mahakamani kuilinda Katiba na sheria, ila mvuvi wa kaa atapata wapi nauli na wakili?

Utaratibu huu ungeanzia katika shehia za pwani ambako mikoko inapakana na mabonde ya mpunga, na vibali vikabandikwa kabla ya mvua za masika, wakulima wasije wakapanda bila kujua kinachochimbwa jirani na mabonde yao.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Wilaya ya Micheweni