Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dawa za saratani zinazotumia kinga ya mwili zianze na fomalini

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka maabara ya patholojia ya hospitali mojawapo ya rufaa, ambako kazi yangu ni kukata vinyama vya uvimbe na kuvitia rangi.

Kwenye hadubini, limfosaiti, yaani seli nyeupe za kinga, huonekana kama vitone vya zambarau iliyokolea. Uvimbe mmoja utavikuta vimejipenyeza hadi katikati ya saratani. Mwingine vimejazana pembezoni, ndani hakuna hata kimoja. Seli T, aina mojawapo ya limfosaiti, hupita zikipapasa vipande vya protini ambavyo kila seli hutokeza juu ya utando wake. Zikikuta kipande kigeni hutoboa utando kwa protini iitwayo perforini, humwaga vimeng'enya viitwavyo granzaimu, na seli ya saratani inajiua. Lakini saratani nyingine hujifunika kwa protini iitwayo PD-L1, ambayo hugusa PD-1, breki iliyo juu ya seli T, na kuizima seli hiyo. Ugunduzi wa breki za aina hii ndio uliowapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Wagonjwa wameshasikia habari za dawa zinazofungua breki hizo, na wanauliza. Bei yake unaijua kuliko mimi. Ninachoomba ni kidogo zaidi.

Chukua trastuzumabu, dawa ya saratani ya titi iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Ni kingamwili: hunata kwenye protini iitwayo HER2 juu ya seli ya saratani ya titi, na pia huziita seli za NK, aina nyingine ya seli za kinga, zije kuiua. Ila HER2 iliyozidi hupatikana kwenye uvimbe kama 15 hadi 20 tu kati ya 100. Mama asiye nayo hafaidiki kitu, na dawa yenyewe inaweza kumdhoofisha moyo. Kwa hiyo kipimo kwanza.

Na kipimo huharibikia njiani. Kinyama cha titi kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10, maji ya dawa yanayozuia nyama isioze, ndani ya saa moja, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Sisi tunaletewa vilivyosafiri kwa basi ndani ya maji ya chumvi, vingine vimebanwa kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Nyama ikishaanza kuoza, jibu la "HER2 hakuna" haliaminiki, na daktari ataliamini hivyo hivyo.

Naomba kila hospitali yenye chumba cha upasuaji ipewe fomalini iliyoandaliwa sawasawa na makopo yenye mdomo mpana. Bima nayo ilipie kipimo cha HER2, si dawa peke yake. Tena fomu ya sampuli iongezwe mistari miwili: saa kinyama kilipokatwa, na saa kilipotumbukizwa. Yetu ina nafasi ya kujaza dini ya mgonjwa, ya saa haina.

Wako mtiifu,
Mteknolojia wa maabara