Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu: Kupoza Dunia Si Kazi ya Wanafizikia Peke Yao

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kabla hujatia saini ruzuku za utafiti wa uhandisi wa tabianchi, hasa mbinu ile ya kumwaga chembe za salfa kwenye stratosfia, tabaka la juu la angahewa, ili zipunguze mwanga wa jua unaotufikia. Sipingi utafiti. Napinga kuukabidhi kwa idara moja, kisha wengine waitwe kuja kupiga makofi.

Kwamba chembe hizo hupoza dunia, tumeshaona. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991, wastani wa joto duniani ulishuka kwa takriban nusu nyuzi. Ugumu unaanzia hapo. Modeli za kompyuta zinaonyesha kwamba chembe zikimwagwa kaskazini mwa ikweta peke yake, mvua ya Saheli, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, hupungua. Mwanafizikia atakukokotolea imepungua kiasi gani. Nani amfidie mkulima aliyekosa mavuno, na kwa ushahidi gani mahakamani, hilo si somo lake.

Tazama yaliyowakuta waliotangulia. Mradi wa SPICE wa Uingereza, uliotafiti mbinu hiyohiyo, ulitaka kupandisha puto hadi kilomita moja na kunyunyiza maji. Maji tu! Mwaka 2011 jaribio liliahirishwa ili wananchi wasikilizwe kwanza; 2012 likafutwa, na sababu mojawapo ilikuwa mgongano wa maslahi kuhusu ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, nao walipanga kupima vifaa huko Kiruna, Uswidi, mwaka 2021, bila kumwaga chembe yoyote. Baraza la Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Skandinavia, likapinga, jaribio likasimamishwa, na Machi 2024 mradi wenyewe, SCoPEx, ukafungwa. Kote huko kilichokwama hakikuwa hesabu.

Kwa hiyo naomba masharti ya ruzuku yabadilike. Mwanasheria, mwanaikolojia na mtaalamu wa jamii waingie tangu andiko la mradi linapoanza, wakiwa na fungu lao la bajeti na mamlaka ya kusimamisha jaribio. Vyuoni tunajuana, Mheshimiwa: jina la mwanasosholojia huchomekwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kutuma maombi, ili kisanduku cha “taaluma mbalimbali” kipate tiki. Wakaguzi wako waulize tu amepangiwa fedha kiasi gani.

Hataza zitangazwe kabla ya senti ya kwanza kutoka. Matokeo yachapishwe yote, hata yasiyopendeza. Kanuni za Oxford za 2009 kuhusu uhandisi wa tabianchi zilishadai matokeo yachapishwe wazi. Tena, mhadhiri kijana anayeandika makala na watu wa idara nyingine asiadhibiwe wakati wa kupandishwa cheo kwa kuwa kamati haijui imhesabie wapi. Bila hilo, wenye akili wataendelea kukimbilia mada nyembamba, nami sitawalaumu.

Rasimu ya masharti ikiwa tayari, tunaomba iwekwe hadharani tuitolee maoni kabla fedha hazijagawiwa.

Wako katika kazi,
Mhadhiri wa chuo kikuu