Tusiibebeshe Biblia mzigo usio wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linaloniumiza. Mjukuu wangu wa darasa la sita alirudi kutoka ibadani akaniambia kwamba dunia ni bapa kama sinia, na kwamba mwalimu wake wa shule anawadanganya. Mhubiri, ambaye sitamtaja, alikuwa amewasomea Ufunuo 7:1, penye malaika wanne waliosimama katika "pembe nne za nchi", kisha akawauliza kama mpira una pembe. Watoto wakajibu hauna. Somo likaishia hapo.

Mimi ni mzee wa kanisa, na nimefundisha jiografia hadi nikastaafu. Sikumgombeza mtoto. Usiku ule mwezi haukuwako na wavuvi wa dagaa, ambao huvua kwa taa, walikuwa wametoka, kwa hiyo tukashuka mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika. Nikamwambia achuchumae pale maji yanapogusa mchanga, ahesabu taa za mbali kabisa. Akapata kumi na moja. Tukapanda kilima kilicho nyuma, taratibu, akahesabu tena.

"Babu, zimeongezeka!"

Zilikuwako muda wote. Mgongo wa maji, yaani mviringo wa dunia, ndio uliozificha. Ndivyo ilivyo hata kwa milima ya Kongo: asubuhi za masika, mvua ikishaosha hewa, vilele vyake tunaviona, lakini ufuko wake hatuuoni. Ziwa hapa lina upana wa kilomita kama 50, na kwa umbali huo aliyesimama ufukweni hufichwa zaidi ya mita 100 za chini ya milima ile.

Mjukuu wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo Biblia imedanganya?"

Swali hilo, Mhariri, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtoto aliambiwa achague kati ya dunia bapa na Neno la Mungu. Kilima cha Kibirizi kikishamvunjia la kwanza, la pili atalishikia wapi?

Sisi wa Kigoma kila jioni tunasema jua limezama, na hakuna anayefikiri limelowa. Tunasema wageni wametoka pembe zote za nchi, na hatujawahi kuzitafuta pembe hizo kwenye ramani. Zaburi ya 98 inaiambia mito ipige makofi. Nani amewahi kusimama kwenye daraja la Malagarasi akangoja mikono itokeze? Wapo wanaonijibu kwa Ayubu 26:7, kwamba Mungu ameutundika ulimwengu pasipo kitu chochote, wakidhani wananisaidia. Naupenda sana mstari huo, lakini nao ni wimbo wa sifa. Nikiugeuza kipimo cha sayari nitakuwa nimetenda kosa lile lile la mhubiri.

Wala hili si geni. Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika mwenzetu aliyefariki mwaka 430, aliwaonya Wakristo wa siku zake wasiseme ya ovyo kuhusu mbingu na nchi huku wakitaja Maandiko, kwa kuwa msikilizaji asiyeamini, ambaye mambo hayo anayajua kwa hesabu na kwa macho, hatawasadiki tena watakapomhubiria ufufuo. Jirani yangu Mwislamu wa Ujiji ananiambia nao wana vijana wanaoing'ang'ania aya ya ardhi "iliyotandazwa" katika Sura Al-Ghashiya ya Kurani. Mwanazuoni wao Al-Biruni, miaka kama elfu moja iliyopita, alipanda mlima katika nchi inayoitwa leo Pakistani, akapima jinsi upeo wa macho unavyoinama, akakadiria ukubwa wa dunia kwa njia hiyo. Kipimo hicho hakikumtoa katika Uislamu.

Nilimfuata mhubiri yule nyumbani kwake. Alinipokea kwa heshima, akasema macho ya binadamu hudanganya. Sikubishana naye. Nimemwomba aje Kibirizi mwezi ukishaisha, yeye na Biblia yake, mimi na yangu, na mtoto ahesabu taa mbele yetu wote wawili. Bado namngoja.

Mwalimu mstaafu,
Kigoma